Namba Kumi na Mbili Niliyoisoma Vibaya

Nakumbuka adhuhuri moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, jua la Mwanza limekaa juu ya mawe na mawe yanaturudishia joto usoni, ditekta yangu, mashine ya kutafuta chuma kilichozikwa, ilipotoa mlio ambao masikio yangu hayajausahau hadi leo. Haukuwa ule mlio wa kukohoa inaoutoa ikikutana na msumari au kizibo cha soda. Huu ulikuwa mlio mnene, safi, unapanda unashuka, unapanda unashuka, kama mtu anayeniita kwa jina. Nikatupa kofia chini. Nikapiga magoti. Nikaanza kufukua kwa vidole, hata koleo sikukumbuka kuchukua.

Nakuandikia haya kwa sababu nawaona vijana mnapita hapa kwangu na mashine zenu mpya, zina kioo na namba na rangi, mmeziagiza kwa simu. Mnaniuliza, baba, wapi pazuri? Nami nafurahi mno, maana ugonjwa huo ninaujua, niliuugua kabla hamjazaliwa na sijapona. Lakini kabla sijakuonyesha pazuri, kaa kidogo nikueleze pabaya.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Siku moja niliona lori la pamba limesimama barabarani, nikataka kujua linakwenda wapi, nikapanda. Toka hapo sikutulia. Nimevua sangara visiwani, nimebeba magunia bandarini, nimekaa Igogo, nimekaa Mkolani, nimeingia mashimo ya dhahabu kule Geita mpaka nikajua kutofautisha udongo kwa kuulamba. Huko machimboni ndiko nilikopata ditekta. Mchimbaji mmoja alihama kwenda kulima, akaniachia, akaniambia mashine hii imenilia miaka yangu, sasa ikule wewe. Ilikuwa nzito kama ndoo ya maji, sahani yake ya kupimia imefungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini ilikuwa inasikia! Sindano iliyozama shubiri moja, iliisikia.

Nikarudi nayo Mwanza nikiwa na miaka thelathini hivi, ujana wangu haujataka kuisha. Rafiki yangu alikuwa Kulwa, mtu wa mabega mapana na maswali mengi. Mimi nilisikiliza mashine, yeye alichimba. Tukaanza kuuzunguka ufukwe upande wa Pasiansi, kwenye yale majabali yaliyopangana kilimani kuelekea ziwani.

Sasa wewe umekulia hapa, unajua tunavyojenga. Jabali likiwa juu, nyumba inakaa chini yake, na watu wanalala usingizi mzuri. Pale tulipokuwa tunapima palikuwa na jabali kubwa kama lori la mchanga, limeegemea kilima, na chini upande wa ziwani limeshikiliwa na jiwe dogo lililojibana kama kabari chini ya mlango. Hatua kama ishirini chini ya jabali hilo ilikuwa nyumba ya Mama Neema, mjane aliyekuwa akianika dagaa na kuuza sokoni. Alikuwa na watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Nilipomwomba ruhusa ya kuchimba pale juu, nilimwambia tunatafuta chuma chakavu. Akasema, "Chukueni tu, mnanisafishia." Nilimdanganya mchana kweupe naye akanishukuru. Kumbuka hilo, maana mimi nilichelewa kulikumbuka.

Basi, siku hiyo nilifukua, nikatoa kitu cha duara, kikubwa kama kitako cha betri ya redio, kimevaa kutu ya kijani. Nikakitemea mate, nikakisugua kwenye suruali. Shaba! Kitako cha ganda la risasi! Katikati kuna kitobo kidogo kilichobonyea, na kuzunguka ukingo kuna maandishi yamechapwa, mengine yamelika. Lakini kitu kimoja kilisomeka vizuri kabisa. Kumi na mbili. Nikapima tena pale pale, ikalia tena. Kingine. Kumi na mbili. Kingine tena. Mpaka tunapumzika kunywa maji tulikuwa navyo tisa kwenye kopo, vyote vimeandikwa kumi na mbili.

"Kumi na mbili ni nini?" akauliza Kulwa.

"Mwaka, bwana! Mwaka wa kumi na mbili! Kabla ya ile vita ya kwanza. Nani alikuwa hapa mwaka wa kumi na mbili?"

Kulwa akanitazama, kisha macho yake yakapanuka. "Mjerumani."

"Mjerumani!"

Tukashikana mikono tukaruka kama watoto. Maana wewe unajua, nani hapa Kanda ya Ziwa hajawahi kusikia habari za mali ya Mjerumani? Eti alipoona vita inamzidi alizika masanduku yake chini ya mawe, akaweka alama, akaondoka na ramani. Nimewahi kukutana na wanaume wazima wameacha mashamba wanatafuta jiwe lenye alama ya msalaba. Na mimi sasa nina maganda ya risasi ya mwaka wa kumi na mbili chini ya jabali! Kichwani mwangu hadithi ilijipanga yenyewe. Hapa alisimama askari. Alikuwa analinda. Alikuwa analinda nini?

Tukazidi kuchimba. Chini ya yale maganda, kama shubiri moja hivi, Kulwa akaokota ndururu, ile senti tano ya zamani yenye tundu katikati.

"Na hii?" akauliza.

"Hiyo imedondoka tu."

"Imedondokaje chini ya hizi zingine?"

"Kulwa, chimba."

Nikaichukua ndururu, nikaitia mfukoni, sikuitazama hata mara moja. Mwanangu, mimi niliyepanda lori kwa kutaka kujua linakwenda wapi, mimi ninayegeuza kila jiwe kuona kilichojificha, siku hiyo nilikataa kutazama kitu kilichokuwa mkononi mwangu. Na sababu yake naijua. Nilikuwa na furaha, na niliogopa ndururu ile itaniharibia.

Kisha nikasogeza sahani karibu na lile jiwe dogo lililobana chini ya jabali. Mashine ikapiga kelele. Ikapiga kelele mpaka Kulwa akaziba masikio. Chini ya kabari kulikuwa na chuma, tena kingi.

"Sanduku," nikasema.

"Na nyumba ya mama?"

"Jabali hili liko hapa tangu dunia iumbwe. Litasimama dakika tano zaidi."

Ndivyo nilivyosema. Nayaandika kama yalivyotoka ili usidhani baba yako alizaliwa na akili. Tulikuwa tumekwisha kuchimba udongo pembeni mwa lile jiwe, likawa limebaki wazi kama jino. Kulwa akaingiza mtaimbo nyuma yake, akauegemea kwa mabega yale. Jiwe likasogea upana wa kidole. Na hapo tukasikia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anasaga punje moja ya mtama, ndani kabisa ya mlima. Mchanga ukaanza kuchuruzika kutoka ubavuni mwa jabali, kidogo kidogo, ukamwagikia miguuni mwetu.

"Ninyi!" sauti ikatoka chini. "Achieni chuma hicho. Taratibu. Msikichomoe! Kiacheni kilivyo, tokeni."

Alikuwa Mzee Magesa. Kila mtu pale alimjua. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkavu, amevaa katambuga za tairi na kaptula iliyopigwa pasi. Zamani alifanya kazi idara ya wanyamapori, wakati watu walipokuwa wakimwita mtu wa kazi hiyo bwana nyama. Alikuwa amekuja kununua dagaa kwa Mama Neema, akasikia mlio wa mtaimbo kwenye jiwe, akapanda.

"Shikamoo mzee," tukasema wote wawili, tumesimama kama wezi.

"Marahaba yenu mtaipata mkitoka hapo chini."

Tukatoka. Akatazama shimo, akatazama jabali, akatazama paa la Mama Neema. Akauliza tunatafuta nini. Badala ya kuona aibu nikaona bahati, maana nilifikiri mzee huyu akisikia ataingia upande wetu. Nikamwambia, mzee, hapa pana mali ya Mjerumani, tukiipata tutamjengea huyu mama nyumba mbili. Nikamshikisha kopo. Nikamwonyesha maandishi kwa fahari. "Mwaka wa kumi na mbili, mzee. Soma mwenyewe."

Akasoma. Akageuza kingine akasoma. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mwaka wa kumi na mbili! Viatu vyangu vya kazini vilikuwa namba tisa. Basi vilitengenezwa mwaka wa tisa! Nami nilizaliwa miaka mingi baadaye nikavikuta vinanisubiri!"

Kulwa akaanza kucheka, akaniona, akaacha.

"Hiyo ni saizi, kijana," mzee akasema. "Ni unene wa mtutu. Bunduki ya marisau, hii ya kupigia ndege na tumbili, ni namba kumi na mbili. Ya Mjerumani namba kumi na mbili, ya Mwingereza namba kumi na mbili, ukienda kununua leo, kumi na mbili. Mmeokota kitu kingine humo?"

Nikaipapasa ndururu mfukoni.

"Kulikuwa na ndururu," akasema Kulwa.

"Iko wapi?"

"Iko mfukoni kwake."

Nikaitoa. Mzee akaisugua kwa kidole gumba, akanipa. "Soma."

Kulikuwa na jina la mfalme wa Uingereza, limezunguka lile tundu, wala halikuwa limefutika sana.

"Mmeikuta juu ya maganda au chini yake?"

"Chini," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Sasa niambie, nani alifika mwanzo, aliyelala chini au aliyelala juu yake?"

Mjerumani alikuwa ameshaondoka zake, pamoja na masanduku yake yote, na ushahidi nilikuwa nimeukalia mfukoni muda wote huo.

Hapo mzee akaacha kucheka. Akanyoosha kidole kuelekea chini, ulikokuwa unatoka moshi wa jikoni. "Umechimba chini ya kitanda cha watu kwa sababu ya saizi ya mtutu. Nani yuko ndani?"

"Mama Neema na watoto."

"Nenda kawatoe. Nenda wewe, siyo mimi. Na umwambie kwa nini."

Mwanangu, nimetembea sehemu nyingi, lakini zile hatua ishirini ndizo safari ndefu kuliko zote. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye turubai. Nikamwambia mama, toka na watoto, jabali limelegea, tumelilegeza sisi. Alinitazama kama haelewi. Kisha akamchukua mtoto mchanga kitandani, akawaita wengine wawili, akatoka bila hata kuvaa ndala. Alipofika upande ambao jabali lisingemfikia, akageuka.

"Chuma chakavu, eeh?" akasema. "Chuma chakavu! Mjerumani! Ungenifukia na wanangu kwa Mjerumani asiyekuwepo! Kichwa chako ndicho chakavu!" Akasema mengine ambayo sitayaandika, na yote yalinistahili.

Mzee Magesa akamwita fundi mwashi. Fundi akalizunguka jabali, akasema halijaondoka lakini linafikiria kuondoka, na kwamba mvua ikiingia kwenye lile shimo kabla halijazibwa, tumekwisha. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya ziwani. Mama Neema akahamia kwa jirani na watoto. Mimi na Kulwa tukaanza kubeba mawe.

Siku tatu. Tulibeba mawe kutoka ufukweni, tukachanganya saruji, tukajaza lile shimo mawe kwa mawe, fundi akitutukana na kutupanga. Mtaimbo haukuchomolewa, ulizikwa humo humo na bado umo, pamoja na kile chuma kilicholiza mashine, ambacho sijakijua hadi leo. Mikono yangu ilichanika ikawa kama nyavu. Na sasa nikuambie jambo la ajabu. Siku hizo tatu zilikuwa za aibu, na zilikuwa pia za furaha kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi na mashine ile.

Kwa sababu mzee alikuwa anakuja. Kila asubuhi alikaa kando kidogo, ameshika lile kopo langu, na kila tulipopumzika alinifundisha kusoma. Yale maganda yalikuwa yake! Alisimama pale pale, kijana wa miaka ishirini, wakati Mwingereza bado yupo, na kilima chote kuelekea ziwani ni mihogo na mahindi. Tumbili walikuwa wanashuka mawe asubuhi kula mazao ya watu, na viboko walitoka majini, hao aliwatisha tu kwa mshindo. Akasimama mbele yangu, akakunja katikati, kama anayeifungua, bunduki ambayo haikuwepo mikononi mwake, akatoa maganda mawili kwa vidole, akayaachia yaanguke karibu na mguu wa kulia. "Ndiyo maana yalikaa pamoja," akasema. "Ukikuta ganda moja, mtu alipita. Ukikuta tisa, mtu alisimama."

Nikasisimka. Nilikuwa nimesimama kwenye nyayo za mtu aliye hai, anayenisimulia!

Akanionyesha kile kitobo kilichobonyea katikati ya kila kitako, alama ya pini ya bunduki ilipogonga. "Hiki kimepigwa, hakina kazi. Siku ukikuta kitako ambacho hakijabonyea, usikisugue, usikigonge. Kiache, nenda kamwite polisi." Akaniuliza, kwa nini tumeokota vitako tu, ganda lenyewe liko wapi? Akajibu mwenyewe. "Lilikuwa la karatasi ngumu. Udongo umelila, ukaacha shaba. Zamani yote yalikuwa ya karatasi. Baadaye ndiyo yakaja ya plastiki, na plastiki udongo hauiwezi."

"Mzee, na wewe ulitumia ya plastiki?"

"Miaka yangu ya mwisho kazini. Lakini wakati huo nilikuwa nasimama pale juu kwenye nyasi, maana huku watu walishaanza kujenga."

Sikumaliza hata chai. Nilikimbia na ditekta yangu mpaka kwenye nyasi, mbali kabisa na jabali, nikaanza kupima, na Kulwa nyuma yangu. Mara ya kwanza kizibo cha soda. Mara ya pili kizibo cha soda. Mara ya tatu ikalia ule mlio mnene! Nikafukua kwa kisu, polepole, na udongo ulipoachia nikaona rangi nyekundu. Nyekundu kabisa, mwanangu, kama imetoka dukani jana! Ganda zima la plastiki na kitako chake cha shaba, kumi na mbili. Nilipiga ukelele mpaka Mama Neema akatoka kwa jirani akidhani jabali limeanguka.

Mzee alilishika ganda lile muda mrefu. Akaliweka kwenye kiganja cha kushoto, cha kulia akaweka kile kitako cha kijani. "Huyu hapa ni mimi kijana," akasema, "na huyu ni mimi nakaribia kustaafu." Basi. Akavirudisha kwenye kopo, akaniambia fundi ananiita.

Siku ya nne mvua ikaja, saa tisa alasiri, mvua ile ya ziwani inayokuja imesimama kama ukuta. Sisi wote tulisimama barazani kwa jirani tukilitazama jabali. Mama Neema alikuwa mbele, mtoto mgongoni. Maji yalishuka mlimani, yakafika kwenye ukuta wetu wa mawe, yakagawanyika, yakapita kushoto na kulia kwa nyumba. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Mvua ikapiga, ikapiga, ikachoka. Jabali halikusogea.

Mama Neema hakuniambia asante, na kwa nini aniambie? Alisubiri fundi apande akague, ashuke, aitikie kwa kichwa kwamba ni salama. Ndipo akavuka matope, akafungua mlango wake, akawasha moto. Baada ya muda harufu ya dagaa wa kukaanga ikatufikia pale barazani, na sauti yake ikafuata:

"Wewe, Kumi na Mbili! Njoo na mwenzako mle. Na mnawe mikono!"

Jina hilo likanibaki. Pasiansi nzima walinijua kwalo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Usiache kutafuta. Akikuambia mtu kwamba kuokota vitu ardhini ni upuuzi, mwache aende zake. Furaha ile ya mlio mnene masikioni ni halali yako. Lakini siku utakayofurahi sana, siku hiyo hiyo ndiyo utazame kwa makini zaidi. Soma maandishi yote, siyo zile tarakimu mbili unazozipenda. Kitu kilichotoka kwenye shimo hilo hilo kisichokubaliana na hadithi yako, usikitie mfukoni, kiweke juu, kiulize kimetoka wapi. Kama hujui, yuko mzee mahali fulani anayejua, na huenda alikuwepo. Mfuate angali anaweza kusimama na kukuonyesha miguu yake ilikuwa wapi. Mwenye ardhi mwambie kweli unachotafuta. Na kabla hujagusa jiwe, shuka kwanza ukaone nani analala chini yake, umjue jina, umjue na watoto wake.

Mungu akupe masikio ya kusikia kilichozama na macho ya kuona kilicho wazi. Akupe rafiki wa kukuuliza maswali, nawe umsikilize mapema kuliko nilivyomsikiliza Kulwa. Miguu yako isichoke, mikono yako isimbomolee mtu, na kila nyumba utakayoipita ibaki imesimama nyuma yako. Nenda salama, mwanangu, na ukipata kitu, njoo unionyeshe.